Darasa "linalochukia takwimu": kisa cha kibaba, kishikwambi na dodoso lililojibiwa ndio mwanzo mwisho

Naandika kisa hichi kwa ajili ya wenzangu wanaosomesha takwimu na kompyuta vyuoni, khasa kwa wanafunzi wasiotokea upande wa hesabu. Majina nimeyaondoa, chuo nimekiondoa, na kisiwa pia sikitaji maana vyuo vyetu vya Zanzibar vinahesabika kwa vidole, ukishasema tu kiko Pemba au kiko nje ya mji mtu ashajua unamsema nani.

Usuli

Darasa la mwaka wa pili, wanafunzi mia na kidogo. Wengi wanasomea ualimu wa masomo ya sanaa, Kiswahili, historia, jiografia, dini, na ndani yake kuna kundi dogo lililotokea diploma ya kompyuta. Wanawake ndo wengi. Somo ni la lazima kwa wote na ni takwimu na matumizi ya kompyuta kwa pamoja, muhula mmoja, lekcha masaa mawili na maabara masaa mawili kwa wiki. Mwenye somo nitamwita Mwalimu tu, mimi nilikuwa msaidizi wake wa maabara.

Somo lenyewe lina sifa mbaya kabla mtu hajakaa kitini. Wa mwaka wa tatu washawaambia wenzao kuwa lile ndo la sapu, yaani la kurudia mtihani, kamata madesa (notsi za kupokezana) ya mwaka jana, kariri fomyula, omba Mungu. Na ukiwauliza hawa wa sanaa utawasikia karibu wote, mimi hesabu nimeachana nayo fomu foo, nilikuja chuo kwa kuikimbia. Sasa mtu kama huyu unamuweka mbele ya fomyula yenye alama za Kigiriki asubuhi, halafu jioni unamuweka mbele ya SPSS, programu ya kuchambulia takwimu ambayo menyu zake zote ni Kiingereza.

Maabara ina kompyuta arobaini hivi, zinazowaka ni pungufu ya hapo, na zenye laiseni ya SPSS iliyo hai ni pungufu zaidi. Kwa hiyo wanafunzi watatu kwenye mashine moja, siku nyengine wanne. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Pemba wanaupata kutoka Tanga tangu 2010, na ukikatika katikati ya kazi ambayo mtu hajaisevu basi siku hiyo ishakwisha, hata ukirudi baada ya dakika tano mtu hana hamu tena ya kuanza upya.

Kilichotokea

Wiki ya kwanza maabara ilijaa mpaka wengine wamesimama. Baada ya hapo wakaanza kupungua, na waliobaki ukiwatizama vizuri unaona kila mashine ina mtu mmoja anayefanya na wawili wanaotizama, na anayefanya ni yule yule wiki zote. Mara nyingi ni kijana wa diploma ya kompyuta. Wale wawili wanaandika kwenye daftari alichobonyeza, bonyeza hapa, tena hapa, tena OK, kama mtu anayenukuu dawa. Hawajui kilichofanyika ndani ya ile mashine ni kitu gani.

Testi ya kwanza ikaja mbaya, lakini si ubaya niliouzoea. Swali la pili, la kueleza jedwali lilosema nini, karatasi nyingi zilikuwa tupu. Kukosea ningefahamu, hawa hawakuandika chochote kabisa.

Wiki hiyo hiyo likaja agizo la idara, kila somo lipime mtazamo wa wanafunzi. Likatolewa dodoso la Kiingereza, sentensi ishirini na kitu, unachagua kutoka 1 mpaka 5, juu unaandika namba yako ya usajili, na likajazwa mle mle darasani huku Mwalimu kakaa mbele. Majibu yakaingizwa, ukapigwa wastani, ripoti ikatoka kuwa darasa lina mtazamo mzuri sana juu ya takwimu na teknolojia. Mwalimu aliposoma alicheka peke yake, maana jana yake kwenye maabara walikuja kumi na tano.

Nikaziomba zile karatasi nikae nazo. Ya juu kabisa, mtu kajibu "najiamini nikifanya takwimu", nakubali sana. Mistari michache chini yake "takwimu inanitia khofu", nakubali sana. Inayofuata vile vile. Ziko karatasi ambazo duara limeteremka 5, 5, 5, 5 mpaka chini bila kupinda hata mara moja. Na aliyeingiza majibu hakuzigeuza zile sentensi mbaya. Kwenye madodoso ya namna hii sentensi zinachanganywa makusudi, nyengine za kusifu nyengine za kulaumu, na kabla hujajumlisha lazima zile za kulaumu uzigeuze, aliyejibu 5 anahesabiwa 1 na wa 4 anahesabiwa 2. Usipogeuza, mtu aliyeitikia ndio kwa kila kitu anatoka kuwa ndo mpenzi namba moja wa somo lako. Ungegeuza, angetoka katikati, ukajua tu kuwa huyu hakusoma au aliogopa. Na kwa kweli mwanafunzi mwenye adabu zake ataandikaje "sipendi somo hili" juu ya karatasi yenye namba yake na mwenye somo anamtizama.

Kilichotufungua macho khasa yalikuwa mazungumzo ya kantini. Dada mmoja wa Kiswahili, haji maabara tena, nikamuuliza bila ya kumbana. Akanambia yeye alikuwa karani wa sensa 2022. Sensa ile ya tarehe 23 Agosti ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na vijana wengi wa umri wake walipata kazi. Kapita nyumba kwa nyumba, kaingiza majibu ya kaya moja baada ya moja, programu ikimkatalia anarudi nyuma anatizama kakosea wapi. "Kule nikikosea nakosea peke yangu na kishikwambi changu," akasema. "Hapa nikigusa tu mausi, mmoja ashacheka, mwengine ashaninyang'anya. Sasa nije kufanya nini?"

Tukauliza darasani, waliokuwa makarani wa sensa hawakuwa mmoja wala wawili. Hawa ndo darasa tunaloambiwa linaogopa data na linaogopa teknolojia!

Maamuzi, na kwa nini

Mwalimu akaona tunachanganya vitu viwili. Somo limefunga takwimu na kompyuta kamba moja, mwanafunzi akiaibika kwenye mausi anatoka na kusema naichukia takwimu, na asiyefahamu wastani anasema kompyuta ngumu. Kwa hiyo tuvitenganishe kwanza, tena tuvirudishe pamoja vikiwa na sababu ya kukaa pamoja.

Dodoso likaandikwa upya kwa Kiswahili, halina jina wala namba, linakusanywa na CR (kiongozi wa darasa) kwenye bahasha Mwalimu akiwa hayupo. Sentensi za takwimu mbali na za kompyuta mbali. Upande wa takwimu aliazima mpangilio wa Candace Schau na wenzake, watafiti wa mtazamo wa wanafunzi juu ya takwimu, dodoso lao la 1995 lilikuwa na sentensi 28 na linapima mambo manne, hisia zako juu ya takwimu, unavyojiona unaweza, thamani unayoiona na ugumu unaouona, baadae likaongezwa hamu na juhudi likawa la sentensi 36. Upande wa kompyuta akaazima kwa Fred Davis, 1989, mtafiti wa namna watu wanavyoipokea teknolojia, ambae hoja yake kwa ufupi ni kuwa mtu anaipokea teknolojia akiona itamfaa na akiona haitamtesa. Na liliongezwa swali moja dogo ambalo baadae ndo lilituokoa: kabla ya kuja chuo ulisomea nini.

Pili, kompyuta zikazimwa. Masaa ya maabara yakabaki lakini kwa wiki chache kazi ikawa ya mikono, na hapa nataka kukaa kidogo.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Tukawaambia kila kundi lije na kibaba cha nyumbani, kile chombo cha kupimia nafaka, na karafuu kavu kidogo, mzani wa jikoni wa kidijitali tukauazima. Kazi ni kujaza kibaba, kumimina kwenye mzani, kuandika gramu ubaoni, anapokezwa mwengine. Kibaba ni kile kile, karafuu ni zile zile, na hakuna namba mbili zilizofanana. Zogo likaanza. Mmoja anajaza kibaba cha tele, kina kilima juu, mwengine anapitisha kidole anakifuta kiwe cha mfuto, na kila mmoja anaapa kuwa yake ndo sahihi. Kijana ambae mama yake anachuma akasimama akaeleza kwa hasira kidogo, mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne, sasa mwenye shamba akipima tele na mchumaji akihesabia mfuto, mwisho wa siku kuna mtu kaibiwa na hakuna aliyesema uongo. Darasa zima kimya, tena kelele, tena mtu akauliza, sasa hizi namba zimepishana kwa kiasi gani, tunaweza kusema kundi hili linapima vizuri kuliko lile?

Hilo ndo swali ambalo Mwalimu alikuwa akilisomesha kwa fomyula wiki mbili bila ya mtu kuliuliza. Hapo ndo akaitoa ile standadi devieshini, kipimo cha namba zinavyopishana na wastani wake, kila namba toa wastani, piga kipeo cha pili, jumlisha, gawa, chukua kipeuo, na safari hii walikuwa wanaingojea. Kundi moja karafuu zao hazikukauka sawa, namba zao zikaruka juu peke yao na zikauvuta wastani wa darasa zima, wakaona wenyewe kwa nini tukizipanga na kuchukua ile ya katikati haitikisiki.

Tatu, kompyuta ziliporudi hazikurudi na SPSS. Zikarudi na jedwali la Excel, na asiye na nafasi mashineni anatumia simu yake, na sheria ikawa mausi inahama kila baada ya zoezi, aliyeshika jana leo hagusi, anaongea tu. Zoezi la kwanza lilikuwa la watu wa Zanzibar. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wengi wakafanya haraka, ongezeko ni 586,204, hiyo ni karibu asilimia 45, gawa kwa miaka kumi, asilimia 4.5 kwa mwaka. Tukawaonesha kuwa kasi iliyotangazwa ni asilimia 3.7. Mmoja akarukia, "Yakhe, wamepunguza!" na wenziwe wakamuunga mkono, kila mtu na nadharia yake ya kwa nini serikali ipunguze.

Mwalimu hakubishana nao. Akawaambia andikeni ile ya 2012 kwenye kisanduku cha juu, chini yake ongezeni asilimia 4.5, buruteni mpaka mwaka wa kumi. Wakafika milioni 2 na zaidi. Fanyeni sasa kwa 3.7. Ikaja milioni 1.87 na kitu, karibu na sensa. Yule aliyesema wamepunguza ndo aliyewaelezea wenziwe, kuwa watoto waliozaliwa mwaka huu nao wanaingia kwenye hesabu ya mwaka ujao, kwa hiyo huwezi kugawa kwa kumi tu. Mchezo wote dakika chache, na kwa mkono ungechukua somo zima, na hii ndo sababu ya kompyuta kuwepo ambayo mwanzo hawakuiona.

Matokeo

Mahudhurio ya maabara yalirudi, si yote lakini yalirudi, na yule dada wa sensa akarudi na wenzake. Testi ya pili karatasi tupu zilikuwa chache sana, badala yake tukapata majibu mengi ya makosa. Kuna mwalimu mwenzetu aliona hayo ni maendeleo gani, mimi kwangu ni makubwa, mtu akikosea nnajua pa kumshika.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa kusherehekea. Sapu zilipungua kidogo. Sehemu ya kueleza majedwali walifanya vizuri, sehemu ya kukokotoa kwa mkono kwa fomyula bado iliwaangusha, na lile swali la kusoma matokeo ya SPSS wengi waliliruka maana kuirudia SPSS tulipata wiki mbili tu.

Halafu dodoso la pili. Wastani wa mtazamo juu ya takwimu ulikuwa karibu pale pale ulipokuwa kwenye lile la kwanza la Kiswahili. Mwalimu alivunjika moyo wazi wazi, karafuu zote zile na kelele zote zile halafu namba haijasogea. Tukakaa tukachora majibu badala ya kutizama wastani peke yake, na kwa lile swali la ulisomea nini kabla tukayagawa. Kumbe yamesogea, ila yamesogea pande mbili. Wa sanaa wamepanda, khasa kwenye "itanifaa" na kwenye "naweza", ijapokuwa kwenye "ngumu" hawakubadilika, bado wanasema ngumu. Wa diploma ya kompyuta wameshuka, tena wameshuka sana, hata wao kuwa wachache wakaweza kuushikilia wastani wa watu wote. Mmoja kaandika nyuma ya karatasi, tumekuja chuo kikuu tunapimishwa karafuu kama tuko sokoni.

Walimu wa takwimu tukadanganywa na wastani.

Uchambuzi

Nianze na SPSS, maana hapa ndo watu wanapenda kuwalaumu wanafunzi. Darasa hili halikuwa na mtazamo mbaya wa teknolojia, simu zao haziwatoki mkononi, wanatuma pesa, wanaendesha grupu la darasa, bando likikwisha wanalalamika kuliko njaa. Ukichukua yale maswali mawili ya Davis, itanifaa, haitanitesa, kwenye simu yote ndio. Kwenye SPSS yote hapana. Hawanayo nyumbani, laiseni yake hawawezi kuinunua, na skuli watakazokwenda kusomesha haitakuwepo. Kazi watakayoifanya ni kujumlisha maksi za darasa, kupanga nafasi, kuona darasa limeshuka wapi, na hiyo Excel inatosha na inabaki. Kwa hiyo kule kukataa kwao si ushamba, ni hesabu nzuri tu ya mtu anayejua anakwenda wapi. Watakaofanya utafiti mkubwa wasomeshwe SPSS au R, programu nyengine ya takwimu ambayo ni ya bure, wakifika huko.

Kuzima kompyuta kulifanya kazi, lakini naona sababu yake kubwa si karafuu. Kufanya kitu kinachofahamika kijijini kunasaidia, kweli, ila somo la kibaba lilikuwa na jambo jengine, hakuna aliyekuwa fundi. Kila mtu ana haki ya kubisha juu ya kibaba. Kwenye kompyuta kuna wajuzi na kuna watizamaji toka siku ya kwanza, na mtizamaji hawezi kuipenda kazi asiyoigusa. Ndo maana kwa maoni yangu ile sheria ya mausi, ambayo haina gharama yoyote, ilisaidia karibu sawa na mengine yote. Dada wengi walioanza kuongea waliongea baada ya hapo.

Kilichofeli wazi ni lile kundi la kompyuta. Hakuna aliyewafikiria. Walipokonywa mausi, ambayo ndo heshima yao, na hawakupewa kitu badala yake. Walistahili kazi yao ngumu, kwa mfano kupewa data chafu, majina yameandikwa namna tatu, umri wa mtu miaka 210, waisafishe halafu darasa zima liitumie. Muhula uliofuata Mwalimu alifanya hivyo hivyo na malalamiko yakapungua, ijapokuwa wawili walisema ile kazi ni ngumu kuliko mtihani.

Juu ya wastani kutosogea, anayesomesha takwimu ya mwanzo asijipige sana. Hata huko Marekani walikopima sana mambo haya, kozi ya mwanzo mara nyingi inamuacha mwanafunzi na mtazamo ule ule aliokuja nao, na wakati mwengine chini ya hapo. Wengine wanaingia na matumaini bila ya kuujua ugumu wa somo, na kushuka kidogo ni kuujua ukweli. Ila usiripoti wastani peke yake, chora, gawa kwa makundi, na sentensi za kulaumu zigeuze kabla ya kitu chochote. Ile ripoti ya mwanzo ya idara, ya darasa lenye mtazamo mzuri sana, mpaka naondoka ilikuwa haijafutwa.

Jambo lililobaki ni mtihani. Mwalimu aliomba sehemu ya maksi ifanywe kwa vitendo, mwanafunzi apewe data na Excel aeleze anachokiona, akaruhusiwa maksi chache ndani ya kosiwaki tu, mtihani mkuu ukabaki wa karatasi na fomyula. Hayo yakiwa hivyo, mwanafunzi anayejua kuzipigia hesabu maksi zake wiki mbili za mwisho ataiacha maabara atashika madesa, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vile vile.